Hao wa Adelaide kule Australia waliamsha lugha kwa karatasi, sisi shangazi yuko hai na tumenyamaza

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lenu, na kama barua ni ndefu kateni tu lakini msikate hapo kwa shangazi. Wiki chache zilizopita kuna msomaji aliandika hapa akisema hizi lugha ndogo ndogo ziachwe zijifie, ati tubaki na Kiswahili na Kizungu ndio ukabila uishe Kenya, na nikaona watu wengi hapa steji ya Umoja wakimuunga mkono, hata mwenye kibanda cha chai ninaposomea gazeti (ndio, nasoma la bure, mnisamehe) akasema huyo jamaa ameongea ukweli mtupu. Mimi siku hiyo sikujibu kitu. Nilienda nyumbani nikakaa na hiyo maneno moyoni mpaka leo.

Mimi ni Msuba. Nikisema hivyo Nairobi watu wananiuliza, si nyinyi ni Wajaluo? Na kusema kweli hata sijui niwajibu aje juu naongea Dholuo (lugha ya Wajaluo), jina langu ni la Kijaluo, mama ni Mjaluo wa Homa Bay. Lakini baba alizaliwa Mfangano, kisiwa cha Ziwa Victoria, unapanda boti Mbita, na watu wa kwao walikuja na mitumbwi kutoka upande wa Uganda miaka mingi sana iliyopita, na lugha yao Olusuba ni ya Kibantu, iko karibu na ya Waganda na Wakuria kuliko ya jirani zetu Wajaluo. Baba alipoenda shule, shule ilikuwa kwa Dholuo, kanisa Dholuo, soko Dholuo, na mtoto akifungua mdomo kwa Olusuba wenzake wanacheka. Hakuna mtu aliyepiga marufuku. Watu walicheka tu, na kicheko kikatosha. Mimi nimezaliwa Kaloleni hapa Nairobi, nikabaki na maneno ya kuhesabu kwa vidole, mengi ya samaki na mengine ya kukemea watoto. Binti yangu hana hata moja.

Sasa kijana wa dada yangu yuko Australia, mji unaitwa Adelaide, anasoma huku akifanya kazi ya kutunza wazee. Huyu kijana akiwa kwa basi asubuhi ananitumia voisi za WhatsApp ndefu kama hotuba ya harusi. Siku moja akaniambia, mjomba, huku mikutano mingi haianzi kabla watu hawajatambua kwamba ardhi ni ya Wakaurna, wenyeji asilia wa Adelaide, na kuna wanaosimama wakasalimia watu kwa Kikaurna chenyewe, wanasema niina marni, yaani wewe uko mzima? Nikamuuliza hao Wakaurna ni wangapi wanaongea hiyo lugha. Akaniambia, mjomba, ilikuwa imeisha kabisa. Mwanamke anayehesabiwa kuwa wa mwisho kuijua vizuri, aliitwa Ivaritji, alikufa 1929.

Nikashangaa. Hapo ndio nilianza kuenda saiba jioni kusoma hii stori, na niwaambie ukweli bili ya saiba imenitoa jasho lakini sijutii.

Wenyeji asilia wa Australia, wale tunaita Waaborijini, hawakuwa na lugha moja venye wengi wetu tunafikiria. Wazungu walipoenda kukaa huko 1788 kulikuwa na lugha zaidi ya 250. Leo zile ambazo watoto bado wanazinyonya kwa ziwa la mama ni kama 12 hivi. Zilimalizwa na kunyang'anywa ardhi, na magonjwa, na kuhamishwa, na ile sera mbaya ya kuchukua watoto kwa nguvu kutoka kwa wazazi na kuwalea kwenye taasisi na misheni, mambo ambayo Waziri Mkuu wao Kevin Rudd aliyaomba msamaha bungeni Februari 2008. Yaani wao hawakuchekwa tu kama baba yangu. Waliporwa watoto. Na hao ndio leo wanafufua, sisi ambao hatukuporwa mtoto tunasema acha zife.

Hii ya Kikaurna nitaieleza pole pole kidogo juu ndio imenigusa. Mwaka 1838 walifika wamishonari wawili Wajerumani, Schürmann na Teichelmann. Hawa walijifunza lugha ya wenyeji, wakafungua shule mwaka uliofuata mahali paitwapo Piltawodli, watoto wakasoma na kuandika kwa lugha yao wenyewe, na 1840 wakachapisha kitabu cha sarufi na maneno kama 2,000. Halafu akaja gavana mmoja, George Grey, na kufika 1845 hiyo shule imefungwa, watoto wakapelekwa shule ya Kizungu. Kwisha habari. Lakini ngoja. Grey huyo huyo alikuwa na ugonjwa wa kukusanya vitabu, na baadaye akatumwa kuwa gavana Cape huku Afrika Kusini, na Teichelmann mnamo 1857 akamwandikia kamusi ya mkono, na Grey akaiweka kwa maktaba yake, na maktaba akaiachia mji wa Cape Town. Kwa hivyo maneno ya watu wa Adelaide yalikaa Afrika, bara letu hili, kwenye kabati la yule yule ambaye shule yao ilifungwa chini yake. Nilisoma hapo mara tatu. Mtu anakufungia mlango wa mbele halafu funguo ya mlango wa nyuma inapatikana kwa mfuko wa koti lake.

Hizo karatasi zingebaki karatasi kama watu hawangekaa pamoja, na hapa ndio nataka huyo msomaji wenu asikie. Hakuna mtu mmoja alifufua Kikaurna. Kulikuwa na wazee kama Lewis O'Brien, kulikuwa na walimu kama Alitya Rigney aliyekuwa mkuu wa shule ya watoto Waaborijini pale Adelaide, kulikuwa na mtaalamu wa lugha, mzungu anaitwa Rob Amery, na kulikuwa na vijana. Na walianza na nini? Hawakuanza na kamusi. Walianza na nyimbo. 1990 walifanya warsha ya kutunga nyimbo kwa Kikaurna na kwa lugha mbili za jirani, Kingarrindjeri na Kinarungga, juu wimbo hata ukikosea sarufi unaimbika. Baadaye ndio masomo shuleni, halafu madarasa ya jioni ya watu wazima, na 2002 wakaunda kamati yao, Kaurna Warra Pintyanthi, maana yake ni kuunda lugha ya Kikaurna, wanakutana pale chuo kikuu cha Adelaide, wazee upande huu na mtaalamu upande ule. Mtu akitaka jina la shule, la mbwa, la hotuba, anawaandikia wanajadiliana. Mtaalamu anasema kitabu kinasema hivi, wazee wanaamua. Hiyo ndio naona ni siri yao, msomi hakuja kuchukua tape akaenda kupata digrii akapotea, sisi tumewaona hao wa kupotea.

Na walikosana, msidhani ni malaika. Tahajia peke yake iliwasumbua miaka, waliibadilisha 2010, Tarndanyangga ikawa Tarntanyangga, hiyo ndio ile skwea kubwa katikati ya mji ambayo wengine wanaijua kama Victoria Square. Siku hizi kibao kina majina yote mawili. Mto wao Torrens ni Karrawirra Parri pia. Bustani zote 29 zinazozunguka mji zina majina ya Kikaurna. Hata kulikuwa na basi la umeme wa jua lililoitwa Tindo, yaani jua. Hebu fikiria hapa kwetu, matatu zimebeba majina ya wanamuziki wa Marekani na timu za Uingereza, na mji wenyewe unaitwa Nairobi kutoka kwa Wamaasai, Enkare Nairobi, maji baridi, na ukipita pale mtoni Gikomba hakuna hata ubao mmoja wa kukumbusha. (Na maji yenyewe venye yalivyo labda Wamaasai wangeomba jina lirudishwe.)

Kitu kingine kilinichekesha ni maneno mapya. Lugha iliyolala tangu enzi za farasi itaitaje simu? Wakaketi wakaunda warraityati, kitu cha kutuma sauti. Kompyuta wakaita mukarntu, wamechukua ubongo wakauunganisha na radi. Radi ya ubongo! Mimi nilipokuwa shule tulipewa tarakilishi, na mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mtu mkali sana kwa hiyo neno lakini yeye mwenyewe akienda mjini alikuwa anasema kompyuta. Hata wao najua kuna maneno yatashika na mengine yatabaki kwa daftari. Namba nazo hazikuwa nyingi kwa vile vitabu vya zamani, lakini Wakaurna walikuwa wanawapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa, wa kwanza, wa pili, mpaka wa tano wa sita wa saba huko, basi wakachukua majina ya hao watoto wakatoa namba humo ndani. Hiyo haiwezi kufanywa na mtaalamu peke yake ofisini. Inataka mtu ambaye kwao walikuwa na mtoto wa sita.

Kuna watu watasema hiyo si lugha ile ile ya zamani, ni ya kutengenezwa. Sawa. Mchanganyiko upo na makosa yapo. Lakini kuna kijana anaitwa Jack Buckskin, alijifunza akiwa mkubwa, leo ndiye anafundisha wengine na nyumbani amewaongelesha watoto wake Kikaurna tangu wakiwa wadogo. Huyo mtoto ukimwambia lugha yake ni ya kutengenezwa atakuangalia tu. Wenyewe hata hawapendi kusema lugha ilikufa, wanasema ililala.

Sasa nirudi nyumbani. Baada ya zile voisi nilipiga kelele kwa grupu yetu ya WhatsApp ya familia, ile ya harambee na matanga, nikasema tuanze kuokota maneno ya Olusuba. Siku ya kwanza watu 31 waliweka dole gumba. Siku ya pili walibaki tisa. Siku ya tatu binamu mmoja akauliza kama kuna posho. Tukabaki watu wanne, tunakutana Jumapili baada ya kanisa kwa nyumba ya mmoja Kariobangi South, chai na mandazi ni ya mwenye nyumba. Tuligombana wiki ya kwanza kuhusu neno la wavu, mmoja alisema ni Olusuba safi, mwingine akasema hiyo ni Dholuo umeivalisha kofia, na hakuna mwenye uhakika hata sasa. Watu wa asili ya Gwassi, Wasuba wenzetu wa nchi kavu, wanasema sisi wa Mfangano tunaongea vibaya, na sisi tunasema wao walishasahau zamani. Yaani watu wanne na tayari tuna vyama viwili.

Tukaamua aende mmoja Mfangano kwa shangazi yangu, dada ya baba, amepita themanini na mdomo wake bado ni mkali. Nilienda mimi. Shangazi alinicheka kwanza, akaniuliza mimi na hizo mvi zangu nataka lugha ya nini, nataka kuoa tena? Lakini akaongea. Akaongea dakika kama arobaini, venye walikuwa wanavua omena usiku na taa, venye mama yake alikuwa anawaita watoto jioni, nani hakuruhusiwa kutajwa jina ziwani. Nilirekodi yote kwa simu, hii ya kawaida kioo imepasuka. Sikutuma kwa mtu yeyote, bando lilikuwa limeisha, nikasema nikifika Nairobi nitatuma.

Nikafika Nairobi. Nikapanda matatu ya kuniingiza Umoja, dirisha wazi, simu mkononi, tukiwa kwa jam mkono ukaingia ukachukua. Kondakta alinishangaa tu ati mzee kwani hujui Nairobi. Dakika arobaini za shangazi ziko mahali Nairobi hii kwa simu iliyoflashiwa ikauzwa upya, na mwenye nayo hata hajui alifuta nini.

Ndio maana hiyo stori ya Cape Town hainitoki kichwani. Wakaurna walipata lugha yao kwa sababu ilikuwa imeandikwa ikawekwa zaidi ya pahali pamoja, kitabu kilichapishwa, kamusi ilivuka bahari, hata barua ambazo watoto wa ile shule waliandika kwa Kikaurna zilitumwa Ujerumani zikahifadhiwa. Sisi yetu ilikuwa kwa simu moja ya mtu mmoja kwa dirisha la matatu. Nilipompigia shangazi kumwambia, alinyamaza kidogo halafu akasema mimi nilishakuambia, nenda ukaulize simu yako.

Kwa huyo msomaji wa ukabila naomba nimjibu kwa heshima. Mimi napenda Kiswahili, si hii barua nimeiandika kwa Kiswahili, na mke wangu ni Mkamba tusingeelewana bila hicho. Lakini Wanyarwanda karibu wote wanaongea Kinyarwanda na 1994 tuliona. Wasomali wengi sana wana Kisomali kimoja na dini moja na bado walipigana miaka. Ukabila haukai kwa ulimi wa nyanya. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na hapo hapo inaiambia serikali ikuze na ilinde lugha za watu wa Kenya. Zote mbili kwa kifungu kimoja. Hao Wakaurna wenyewe wanaongea Kiingereza kutwa nzima kazini na sokoni, hakuna aliyewaambia wachague.

Na si sisi Wasuba tu, tena sisi tuna nafuu, pale Mfangano hata kuna redio ya jamii iliyoanzishwa kutangaza kwa Olusuba. Kuna Wayaaku pale msitu wa Mukogodo, Laikipia, ambao waliingia kwa Kimaasai na wanaojua lugha yao ya zamani ni wazee wachache sana. Kuna Waelmolo kule Ziwa Turkana, wengi wao leo ni Kisamburu tu. Hapa hapa katikati ya mji, watu wanapita Tom Mboya Street kila siku na sanamu yake iko pale Moi Avenue, na sidhani kuna mtu kati ya mia anajua wazee wa Mboya walitoka Rusinga kwa Wasuba, na kwamba kulikuwa na lugha nyingine kule kabla ya Dholuo. Ningeomba kaunti iweke hata mstari mmoja tu pale chini ya sanamu kwa Olusuba. Ni rangi na brashi tu, hakuna tenda hapo ya kugawana.

Shule nazo. Binti yangu yuko gredi ya tatu na mtaala unasema watoto wadogo wasome kwa lugha ya eneo, na hapa mjini ikiwa ni Kiswahili mimi sina neno. Lakini shule yake (siitaji, nina balansi ya karo) inawatoza faini watoto wanaoongea Kiswahili kwa korido. Kiswahili! Sasa Olusuba itapitia wapi hapo.

Habari nzuri ni kwamba shangazi anakuja Nairobi mwezi ujao kuonwa macho, atakaa kwangu wiki mbili. Amesema atarudia yote, hata na zingine hakuniambia, lakini ana sharti. Hataki kuona simu kabla binti yangu hajamsalimia kwa Olusuba akishuka kwa basi, na asisome kwa karatasi. Kwa hivyo saa hii kila usiku jikoni kuna mazoezi, binamu wa Kariobangi anatuma salamu kwa voisi na mtoto anairudia huku akiosha vikombe, jana akaniuliza chaja inaitwaje, nikamwambia hiyo ni ya kumuuliza dani yake, yaani nyanya yake.

Safari hii tutarekodi kwa simu tatu na kila jioni tutume kwa kijana Adelaide atuwekee huko. Basi linafika alfajiri siku ya Ijumaa. Mwenye rekoda ya kuazima, ile ndogo ya waandishi wa habari, anitafute kwa kibanda cha chai hapo steji, nitarudisha Jumatatu.

Baba Akinyi,
Umoja, Nairobi